Alijua au hakujua? Namna filamu inavyopanga upya maisha ya bendi

Mtoto wa kaka yangu ana miaka 17 na siku hizi Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, haiwatoki masikioni, yeye na wenzake. Wiki iliyopita alinijia na swali. "Ami, siku ile ya Wembley, Freddie alikuwa ameshajua kama anaumwa?" Alikuwa ametoka kuitazama Bohemian Rhapsody, ile filamu ya mwaka 2018, na kilichomliza ni pale Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi, anapowaambia wenzake mazoezini kwamba ana UKIMWI, kisha anapanda jukwaani kuimba kama mtu anayeaga, kwenye Live Aid, tamasha la mwaka 1985 la kuwachangia wenye njaa Ethiopia, katika uwanja wa Wembley, London. Nikamjibu kwamba hakuwa amejua. Hakuniamini. "Lakini mimi nimeona," akasema.

Neno hilo, "nimeona", ndilo lililonikalisha chini kuandika. Kila ifikapo tarehe 5 Septemba, siku aliyozaliwa Freddie huko Unguja, na tarehe 24 Novemba, siku aliyofariki London mwaka 1991, mitandao yetu hujaa habari zake, na nyingi kati ya hizo chanzo chake ni filamu. Kwamba aliwavizia mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor usiku mmoja nje ya ukumbi, akawaimbia papo hapo, wakamchukua. Kwamba tamaa yake ya kurekodi peke yake iliivunja bendi. Kwamba alirudi kuomba radhi akiwa tayari na maradhi mwilini. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 900 na kuchukua tuzo 4 za Oscar, moja ikienda kwa Rami Malek aliyemwigiza Freddie. Kwa aliyezaliwa baada ya mwaka 1991, hiyo ndiyo historia anayoijua.

Simkatazi mtu kuitazama. Mimi nimeitazama zaidi ya mara moja, na vinyweleo hunisimama kila piano inapoanza. Ila inafaa tujue kazi ya aina hii hufanywaje, ili tujue lipi tulishike na lipi tuliache lipite.

Tuanze na majina. Filamu ya wasifu ni hadithi inayochezwa na waigizaji kuhusu mtu aliyeishi kweli. Filamu ya hali halisi hutumia picha zilizopigwa wakati wa tukio na watu waliokuwepo wakisimulia kwa vinywa vyao. Zote mbili huchagua cha kuonyesha na cha kuacha, lakini ya kwanza ina mzigo ambao ya pili haina: lazima itunge maneno. Hakuna aliyerekodi waliyoambiana Freddie na mpenzi wake Mary Austin chumbani mwao, kwa hiyo mwandishi wa filamu hukaa akayabuni. Ipo na aina ya tatu, filamu ya muziki iliyo nusu ndoto, kama Rocketman ya mwaka 2019 inayomhusu Elton John, ambamo mwimbaji na watazamaji wake wanaelea hewani katikati ya wimbo. Hapo hadanganyiki mtu, kwa sababu kila mmoja anajua binadamu haelei. Tabu iko kwenye aina ya kwanza, maana hiyo huvaa nguo za ukweli.

Mfano ulio karibu nasi ni wasifu wa marehemu unaosomwa msibani. Wafiwa wameuandika usiku, macho mekundu. Tarehe ya kuzaliwa ni ya kweli, shule ni za kweli, kazi alizofanya ni za kweli. Lakini mke wa kwanza ametajwa kwa nusu sentensi, na ule ugomvi wa shamba haumo kabisa. Hakuna aliyesema uongo. Aliyeshika kalamu ameamua tu marehemu alikuwa nani. Jirani anayemjua marehemu husikiliza na kujazia mwenyewe yaliyoachwa. Mgeni wa mbali akiondoka na karatasi ile, basi huo ndio ukweli wote alionao.

Muda unapobanwa

Filamu hii inachukua miaka 15, kutoka 1970 hadi Julai 1985, na kuishindilia kwenye saa 2 na dakika 14. Mpiga video wa harusi hufanya vivyo hivyo. Anarekodi kutwa nzima, anakuletea saa moja, na humo shangazi aliyechelewa anaonekana kana kwamba alifika mapema, kwa sababu picha yake nzuri ilihitajika mwanzoni. Hakuna anayegombana naye kwa hilo.

Ndivyo ilivyofanyika kwa mwanzo wa Queen. May na Taylor walikuwa na bendi iitwayo Smile, na mwimbaji na mpiga besi wake alikuwa Tim Staffell. Freddie alisoma na Staffell katika chuo cha sanaa cha Ealing, akawa mtu wa karibu wa bendi hiyo, na kabla ya kujiunga nao alishaimba na bendi nyingine, mojawapo Ibex iliyotoka Liverpool. Yeye na Taylor walikuwa hata na kibanda cha nguo katika soko la Kensington. Staffell alipoondoka mwaka 1970, nafasi yake ilichukuliwa na rafiki waliyemzoea. John Deacon, ambaye filamu inamweka jukwaani na besi yake tangu onyesho la kwanza, alipatikana mwaka 1971, baada ya wapiga besi wengine kuja na kuondoka. Wapenzi wa muziki wa dansi hawatashangaa. NUTA Jazz ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma, na miaka yote hiyo wanamuziki wakaingia na kutoka. Bendi huungwa hivyo, na filamu haina nafasi ya wapiga besi watatu ambao mtazamaji hatawaona tena.

Ziko nyingine za namna hiyo. Katika ziara yao ya kwanza ya Marekani tunawasikia wakipiga Fat Bottomed Girls, wimbo uliotoka mwaka 1978. Tamasha la Rio de Janeiro, ambako umati unaimba Love of My Life peke yake, lilikuwa Januari 1985, lakini filamu imelirudisha nyuma hadi miaka ya sabini. Haya yanawakera mashabiki wakubwa, hayamuumizi mtu. Ni shangazi wa kwenye video ya harusi.

Adui mwenye sura

Kupanda kwa bendi hakuna mvuto mkubwa kwa anayetazama kutoka nje. Ni mikataba, madeni, safari za usiku na kurudia kipande kilekile cha wimbo mpaka koo likauke. Filamu inataka mtu wa kupambana naye, mwenye uso na sauti. Kwa hiyo yupo Ray Foster, bosi wa kampuni ya EMI aliyechezwa na Mike Myers, anayekataa Bohemian Rhapsody isitoke kama wimbo wa kwanza wa albamu na kuishia kurushiwa jiwe dirishani. Mtu huyo hakuwahi kuwepo. Ni mhusika wa kuunganisha, yaani vipande vya watu na mabishano mbalimbali vimeshonwa pamoja vikawa mtu mmoja.

Wasiwasi wenyewe ulikuwa wa kweli. Wimbo ule una dakika 5 na sekunde 55, na redio za wakati huo zilizoea nyimbo za dakika tatu hivi. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio aliupata mapema, akaupiga mara 14 katika mwisho wa wiki mmoja, na ulipotoka Oktoba 1975 ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki 9. Hadithi hiyo inajitosheleza bila Foster.

Ninachosikitikia ni kilichotolewa ili yeye apate nafasi. Miaka ya mwanzo Queen walifungwa na mkataba wa Trident, kampuni iliyowasimamia na pia kumiliki studio waliyorekodia. Wimbo wao Killer Queen ulipanda hadi namba mbili Uingereza mwaka 1974 huku wanabendi wakiendelea kuishi kwa mishahara midogo ya wiki. Walijitoa kwenye mkataba huo mwaka 1975, mwaka uleule wa Bohemian Rhapsody, na kujitoa kwenyewe kuliwagharimu fedha. Kijana anayeanza muziki leo Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi angefaidika mno kuona ukurasa ule wa mkataba: wimbo wako uko redioni kila saa, na wewe huna nauli. Badala yake ameonyeshwa kwamba kikwazo cha msanii ni mzee mmoja mwenye miwani asiyejua muziki mzuri. Akitoka hapo ataenda kumtafuta mzee huyo, na mkataba atausaini bila kuusoma.

Bendi ina watu wanne, kamera inataka mmoja

Queen walikuwa na jambo adimu: kila mmoja kati ya wanne aliandika wimbo uliotikisa dunia. We Are the Champions ni wa Freddie, We Will Rock You wa May, Another One Bites the Dust wa Deacon, Radio Ga Ga wa Taylor. Hesabu hiyo ndiyo siri ya bendi ile, na ni ngumu sana kuiweka kwenye filamu. Sinema hupenda uso mmoja. Mtazamaji anataka ajue amshikilie nani, alie na nani. Kwa hiyo watatu wanakuwa mashahidi wa mmoja, na Deacon, mtu mkimya, anaishia kutuchekesha kidogo na kukaa kando.

Kuna mpango wa kuutatua ugumu huu kwa njia ya kipekee. Mwongozaji Sam Mendes ametangaza kutengeneza filamu nne za The Beatles, kila moja ikimfuata mwanabendi mmoja. Wazo hilo peke yake linakubali kwamba filamu moja haitoshi kwa watu wanne.

Uso mmoja unaleta na ugonjwa mwingine, ule wa wimbo kuzaliwa kwa dakika moja. Mtu anapiga mguu sakafuni, wenzake wanapiga makofi, na papo hapo umati wa uwanja mzima unaimba. Katika filamu We Will Rock You inazaliwa hivyo, Freddie akiwa na nywele fupi na masharubu, yaani mwanzoni mwa miaka ya themanini. Wimbo huo ni wa mwaka 1977. May ameeleza ulikotoka: walimaliza onyesho katika ukumbi wa Bingley Hall, Stafford, na watu badala ya kuondoka wakaanza kuwaimbia wao. Akalala na swali kichwani, watu waliosongamana bila nafasi ya kujigeuza wanaweza kufanya nini kwa pamoja? Wanaweza kukanyaga chini, kupiga makofi na kuimba. Mimi naona hadithi ya kweli inapita ile ya filamu, kwa sababu ndani yake umati ndio uliotoa wimbo.

Hata Bohemian Rhapsody yenyewe ilirekodiwa kwa wiki kadhaa katika studio zaidi ya moja. Ile kwaya kubwa ya opera ni watu watatu, Freddie, May na Taylor, wakiimba juu ya sauti zao wenyewe tena na tena, mpaka utepe wa kurekodia ukachakaa ukaanza kupitisha mwanga. Filamu inatuonyesha kidogo ya kazi hiyo, na nadhani ni sehemu zake bora. Ingekaa hapo zaidi.

Kilichotangulia huonekana ndicho chanzo

Sasa tufike kwenye swali la mtoto wa kaka yangu, maana hapa ndipo mambo yanapoacha kuwa ya shangazi na harusi.

Mtu akila dagaa mchana na jioni tumbo likamkata, atawalaumu dagaa. Huenda sababu ni maji aliyokunywa jana yake, lakini akili yetu hushika kilichotangulia. Katika filamu, mhariri ndiye anayepanga kipi kiliwe kwanza. Haitaji kukwambia kwamba hiki kimesababisha kile. Anaviweka vikifuatana, na wewe mwenyewe unamalizia.

Tazama mpangilio wa sehemu ya mwisho ya filamu. Freddie anasaini mkataba wa kurekodi peke yake, wenzake wanaumia, bendi inasambaratika. Anakaa Munich, Ujerumani, kati ya sherehe na wanaume wasiomtakia mema, akiongozwa na meneja wake binafsi, Paul Prenter. Anaanza kukohoa. Anamfukuza Prenter kwenye mvua, anarudi London, anaomba radhi, anapata majibu ya daktari, anawaambia wenzake, kisha wanapanda Wembley na dunia inamsamehe.

Upange upya kama ulivyokuwa. Wa kwanza kutoa albamu ya peke yake alikuwa Taylor, mwaka 1981, akatoa nyingine mwaka 1984. May alitoa rekodi yake mwaka 1983. Freddie alifuata wa mwisho kati ya hao watatu, Aprili 1985, na hakuna usaliti wowote katika kufanya walichokwisha kufanya wenzake. Bendi haikuvunjika. Walitoa albamu ya The Works Februari 1984, wakazunguka nayo nchi kwa nchi, na ziara ikaishia Osaka, Japani, Mei 1985. Live Aid ilikuwa Julai 13. Haikufika hata miezi miwili. Prenter aliachishwa kazi baada ya tamasha lile, si kabla. Na kuhusu maradhi, Jim Hutton, aliyeishi na Freddie mpaka siku ya kufa kwake, ameeleza kwamba Freddie alipata majibu mwaka 1987. Wenzake wa bendi waliambiwa baadaye zaidi. Umma ulitangaziwa tarehe 23 Novemba 1991, naye akafariki siku iliyofuata, na umri wake ulikuwa miaka 45.

Mambo manne yamehamishwa, na yote yamehamia upande mmoja. Ukiyasoma kama filamu ilivyoyapanga unapata fundisho kamili: aliiacha familia yake ya bendi, akaangukia kwa watu wabaya, ugonjwa ukaja kama ujira, toba ikamrudisha. Hakuna mhusika anayelitamka fundisho hilo, na sidhani watengenezaji waliketi wakakubaliana kuliweka. Limetokana na kutaka kilele kizuri. Lakini limo.

Kwetu hili si jambo la kupuuza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligundulika Kagera mwaka 1983, enzi zile Freddie angali jukwaani. Huko waliuita Juliana, Uganda wakauita slimu, na kabla watu hawajajua ni kirusi, wengi walishajua "sababu": mwenendo. Tumezika watu waliokataa kupima kwa kuogopa kusomewa hukumu hiyo, na wengine waliopima wakaficha dawa chini ya godoro. Miaka mingi imetumika kuwaambia watu kwamba VVU ni kirusi na hakina habari na nani alimkosea nani. Filamu iliyotazamwa na mamilioni, ikimweka mgonjwa aanze kukohoa mara tu baada ya kuwatenda wenzake vibaya, inatubebesha tena mzigo uleule, safari hii ukiwa na muziki mtamu nyuma yake.

Mwenye nyimbo ndiye mwenye hadithi

Huwezi kutengeneza filamu ya bendi bila nyimbo za bendi, na nyimbo zina wenyewe. Hilo ni jambo la kisheria linaloamua mengi kuliko mwongozaji. Mwaka 2013 ilitengenezwa filamu kuhusu Jimi Hendrix ambayo haina hata wimbo mmoja alioutunga Hendrix, kwa sababu warithi walikataa. Mwaka 2020 ikaja Stardust kuhusu David Bowie, nayo bila nyimbo za Bowie, kwa sababu hiyohiyo. Unaweza kufikiria zilivyopokelewa.

Kwa hiyo anayetaka nyimbo huenda kwa wenye nyimbo, na wenye nyimbo hukaa mezani. Katika Bohemian Rhapsody May na Taylor walihusika tangu mwanzo, na meneja wa Queen, Jim Beach, alikuwa miongoni mwa watayarishaji. Watu hudhani hiyo ndiyo dhamana ya ukweli: walikuwepo, wanajua. Walikuwepo, ndiyo. Lakini na wafiwa wanaoandika wasifu wa msibani pia walikuwepo. Aliyekosekana mezani ni Freddie.

Upande mwingine nao hauna salama. Filamu ya Oliver Stone ya mwaka 1991 kuhusu The Doors ilishambuliwa vikali na Ray Manzarek, mpiga kinanda wa bendi hiyo, aliyesema mwimbaji wao Jim Morrison wa kwenye filamu si yule aliyemjua. Ukiandika na familia utapakwa asali, ukiandika bila familia unaweza kumzua mtu mwingine kabisa.

Nikupe mfano wa ule ugomvi wa shamba usiosomwa msibani. Oktoba 1984, wakati ambao filamu inatuambia bendi imetawanyika, Queen walikuwa Sun City, katika Bophuthatswana, moja ya nchi bandia zilizoundwa na serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende huko, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kilikataza wanachama wake. Walikwenda. Chama kikawatoza faini, jina lao likaingia katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo. Wakati huohuo watoto wa wakimbizi wa Afrika Kusini walikuwa wanasoma Mazimbu, Morogoro, katika shule ya ANC iliyobeba jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ileile.

Katika filamu hakuna hata neno moja la Sun City. Sisemi ilifichwa kwa hila. Nasema hapakuwa na mtu mezani ambaye kuiweka kungemfaa. Kama kitu hicho kingeachwa ndani, Live Aid ingekuwa na uzito wa aina nyingine: bendi iliyotoka kulaumiwa kwa kutumbuiza chini ya ubaguzi wa rangi, miezi tisa baadaye inapanda jukwaa la kuwachangia wenye njaa Ethiopia. Hiyo ni hadithi ya watu wazima, yenye aibu na swali ndani yake. Ilikuwepo, bure, haikuhitaji kubuniwa.

Zanzibar iliyobaki mlangoni

Ukiacha dokezo fupi la Live Aid, filamu inaanza na kijana anayebeba mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Ni kawaida ya filamu za kupanda kwa bendi kuanzisha saa yake karibu na siku bendi inapoundwa, na gharama yake ni kwamba mtu anaonekana kuanza siku hiyo pia. Zanzibar inapita katika mazungumzo ya mezani, basi.

Freddie, kwa jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta ambao wahenga wao walitoka Uajemi wakahamia India karne nyingi zilizopita, na baba alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Akiwa na miaka kama 8 walimpeleka shule ya bweni Panchgani, India. Huko alijifunza piano, na huko, akiwa mwanafunzi, akapiga kwenye bendi iitwayo The Hectics. Alirudi Unguja kijana, na Mapinduzi ya Januari 1964 yalipofika familia ikaondoka kwenda Uingereza. Alikuwa na miaka 17, sawa na huyu mtoto wa kaka yangu. Kwa hiyo yule aliyesimama mbele ya Smile mwaka 1970 alikuwa na zaidi ya miaka kumi ya muziki mikononi na mabara matatu mwilini. Ukiyatoa hayo, kipaji chake kinabaki muujiza, na muujiza haumfundishi mtoto yeyote kitu.

Nasi huku tunayo chumvi yetu. Zaidi ya nyumba moja Mji Mkongwe imewahi kuonyeshwa watalii kama ndiyo nyumba yake, na wapo wanaosimulia kana kwamba alilelewa Shangani mpaka alipokuwa mtu mzima. Sehemu kubwa ya utoto wake aliimalizia bwenini India. Tukidai filamu iseme kweli, inatupasa na sisi tuseme kweli.

Kwa nini tunaamini

Lipo jambo moja lililobaki, nalo ndilo gumu kuliko yote. Dakika za mwisho za filamu, zile za Live Aid, zimenakiliwa kwa uangalifu wa ajabu. Jukwaa la Wembley lilijengwa upya katika uwanja wa zamani wa ndege wa Bovingdon. Vikombe vya soda juu ya piano viko palepale. Malek anageuza bega alipogeuza Freddie. Sauti tunayosikia kwa sehemu kubwa ni ya Freddie mwenyewe. Ukiweka picha halisi kando ya filamu, unaduwaa.

Na uangalifu huo ndio unaotupitishia yaliyobaki. Mtu akikuhesabia vikombe bila kukosea, unaona haya kumuuliza kuhusu miaka. Usahihi wa vitu vidogo unafanya kazi ya mdhamini: unasaini kwa niaba ya mambo makubwa ambayo haukuyaona. Ndiyo maana jibu la "ni filamu tu, kila mtu anajua" halinitoshelezi. Filamu iliyojitaabisha hivyo mpaka kwenye vikombe haikutaka tuichukulie kama ngano.

Tulipomaliza mabishano, nilimwonyesha mtoto wa kaka yangu rekodi yenyewe ya Julai 13, 1985. Nikamweleza kwamba walikuwa wametoka ziarani wakiwa na moto, kwamba walijifungia siku kadhaa katika ukumbi mdogo London wakipima kila wimbo kwa saa ili waenee kwenye dakika walizopewa, na kwamba mle ndani hapakuwa na mgonjwa anayeaga. Saa 12:41 jioni wanatoka wanne, Freddie mbele akikimbia kidogo na fulana yake nyeupe, watu wapatao 72,000 mbele yao. Alitazama kimya mpaka Radio Ga Ga, mikono yote ya uwanja ilipopanda na kushuka kwa pamoja.

"Ami," akasema, "kumbe anafurahi tu."